Neno Moja, Maana Mbili: Wahubiri wa Kale na Fundisho la Utatu Mtakatifu

Kitabu hiki kinasimulia miaka 100 ya usharika wetu, lakini imani tuliyoletewa ilikuwa imekwisha kupita katika tanuru karne nyingi kabla ya kutufikia. Imani ya Nikea hutamkwa kwa dakika mbili tu. Wahubiri wa kale waliigombania kwa zaidi ya miaka 60, na inafaa washarika na wageni wetu wa Dayosisi wakumbushwe walichokuwa wakigombania.

Ugomvi ulianza yapata mwaka 318 katika mji wa Iskanderia, nchini Misri. Arius, kasisi wa kanisa lililoitwa Baucalis, alifundisha ya kuwa Baba peke yake hana mwanzo. Mwana, ingawa yu juu ya viumbe vyote, naye aliumbwa, na kabla ya kuumbwa hakuwapo. Askofu wake, Alexander, alilikataa fundisho hilo. Ni rahisi kumchora Arius kama mtu aliyekusudia kulibomoa Kanisa, lakini sisi hatudhani hivyo. Alitaka kuulinda umoja wa Mungu, tena alikuwa na Maandiko mkononi: katika Biblia ya Kigiriki iliyosomwa siku zile, Hekima husema katika Mithali 8:22 kwamba Bwana alimwumba. Husimuliwa pia kuwa alitunga nyimbo za mabaharia, wasaga nafaka na wasafiri. Wanakwaya wetu wanajua jinsi wimbo unavyofika mahali ambapo hotuba haifiki.

Alexander na shemasi wake kijana, Athanasius, waliona hatari kubwa. Kiumbe hakiwezi kumwokoa kiumbe mwenzake. Ikiwa Mwana ni kiumbe, basi Wakristo waliobatizwa kwa jina lake na kumwomba walikuwa wakiabudu kiumbe, na wokovu wao haukuwa na msingi.

Kaisari Constantine aliudhani ugomvi huo kuwa jambo dogo, akawaandikia wote wawili wapatane. Iliposhindikana, aliwaita maaskofu Nikea mwaka 325. Huko ilikiriwa kwamba Mwana ni wa asili moja na Baba. Maaskofu wawili waliokataa walipelekwa uhamishoni pamoja na Arius, na ingeonekana kwamba shauri limekwisha.

Kumbe ndipo lilipopamba moto. Neno hilo la Kigiriki lenye maana ya "asili moja" halikuwamo katika Maandiko. Wahubiri wengi, ambao hawakumfuata Arius hata kidogo, waliogopa kwamba lingemrudisha Sabellius, mwalimu wa karne ya tatu aliyesema kuwa Baba, Mwana na Roho ni majina tu ya mmoja yule yule. Mkono wa serikali nao ulizidisha uchungu. Arius aliruhusiwa kurudi, na Athanasius, aliyekuwa askofu tangu mwaka 328, alifukuzwa mara tano na kukaa nje ya kiti chake miaka ipatayo 17. Upande wake nao haukuwa wa malaika: mwaka 335 huko Tiro alishtakiwa kwamba watu wake waliwatendea wapinzani kwa ukali, na wanahistoria wengi hawayaoni mashtaka yote kuwa ya kubuni.

Kwa maoni yetu, saa njema kuliko zote katika habari hii ni mkutano mdogo wa Iskanderia wa mwaka 362, ambao husahauliwa mara nyingi. Wakristo wa Antiokia walikuwa wamegawanyika kwa ajili ya neno moja, hipostasi. Wengine walisema hipostasi moja, wengine hipostasi tatu. Athanasius, mzee sasa na mwenye makovu, hakuanza kwa kulaani. Waliosema "tatu" waliulizwa kama walimaanisha miungu watatu. Wakajibu la, bali kwamba Baba yupo kweli, Mwana yupo kweli, na Roho yupo kweli. Waliosema "moja" waliulizwa kama walimfuata Sabellius. Nao wakajibu la, kwao hipostasi ni asili tu, kama ilivyotumika Nikea. Ikaonekana kwamba walikuwa wakikiri jambo lile lile. Mkutano ukakiri pia kwamba Roho Mtakatifu si kiumbe. Kwa bahati mbaya, kabla barua yao haijafika Antiokia, Lucifer, askofu kutoka kisiwa cha Sardinia, alikuwa amekwisha kumweka Paulinus kuwa askofu wa upande mmoja, na mgawanyiko wa mji ule ukaendelea kwa miaka mingi.

Basil wa Kaisaria, ndugu yake Gregory wa Nyssa, na rafiki yao Gregory wa Nazianzus waliyatengeneza matumizi ya maneno: asili moja, hipostasi tatu. Mkutano wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ukaipa Imani hiyo sehemu pana zaidi kuhusu Roho Mtakatifu. Kiswahili chetu kilichukua neno "nafsi", ambalo katika maongezi ya kila siku ni mtu mwenyewe au roho yake. Mwalimu wa kipaimara anayetaja nafsi tatu bila kufafanua anaweza kusikika akihubiri miungu watatu, yaani hofu ile ile ya watu wa Antiokia.

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lilithibitisha fundisho la Nikea katika kifungu chake cha kwanza. Walutheri walirithi pia maneno "na Mwana" kuhusu kutoka kwake Roho, yaliyoongezwa katika Kanisa la Magharibi na kupokewa Roma mwaka 1014, ambayo Waorthodoksi hawakuyakubali kamwe. Mwezi Mei 2024, tume ya pamoja ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani na Waorthodoksi ilikutana Kairo, katika nchi ile ile ya Arius na Athanasius, ikapendekeza itumike tafsiri ya Imani ya asili ya Kigiriki, bila nyongeza hiyo.