Polisi na askari jela: nani ana mamlaka gani juu ya mtu wako?

Wote huvaa sare, na wote huweza kubeba bunduki. Lakini hapa Kenya, polisi na askari jela ni watu wa idara mbili tofauti, na kazi zao kisheria hazifanani. Familia isiyojua tofauti hiyo hubisha mlango usiofaa, na wakati mwingine hupoteza pesa. Tunaeleza hatua kwa hatua.

Polisi: kukamata na kuchunguza

Polisi wako chini ya Inspekta Jenerali. Kazi yao ni kulinda usalama, kuchunguza uhalifu, kukamata washukiwa na kuwafikisha kortini.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka uambiwe sababu mara moja, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili. Ni lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati korti imefungwa, utapelekwa siku ya korti inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni anaweza kufikishwa Jumatatu.

Polisi wanaweza kumwachilia mshukiwa kwa dhamana kabla ya korti, isipokuwa kwa makosa mazito kama mauaji au wizi wa mabavu. Ukiweka pesa taslimu, dai risiti. Pesa hizo si malipo wala faini. Hurudishwa kesi ikiisha, mradi mshtakiwa alifika kortini kila alipotakiwa.

Askari jela: kutunza aliyeletwa na korti

Askari jela wako chini ya Kamishna Jenerali wa Magereza, na Sheria ya Magereza ndiyo inayowaongoza. Hawapelelezi kesi ya mtu wako wala hawamfungulii mashtaka. Hupokea mtu kwa hati ya korti, awe amefungwa au yuko rumande akisubiri kesi. Huandika jina lake na mali aliyokuja nayo. Mwanamke hupekuliwa na askari wa kike, na wanawake hukaa mbali na wanaume.

Akiwa kazini, kwa mfano anapomsindikiza mfungwa, askari jela ana mamlaka kama ya polisi. Anaweza kumkamata tena anayetoroka, na hata kutumia silaha, lakini baada ya kutoa onyo na ikiwa hakuna njia nyingine ya kumzuia. Mateso yamekatazwa kabisa na Katiba, iwe kituoni au gerezani.

Nani anaweza kumwachilia?

Hapa ndipo wengi hutapeliwa. Mtu akiwa rumande, askari jela hawezi kumpa dhamana wala kufuta kesi. Anayeamua ni hakimu au jaji. Ukipigiwa simu na mtu anayedai kuwa ni askari jela, akitaka utume pesa ili ndugu yako atoke leo, usitume. Nenda kortini, uliza karani kuhusu kesi hiyo na masharti ya dhamana.

Aliyehukumiwa kifungo kinachozidi mwezi mmoja anaweza kupunguziwa thuluthi moja kwa bidii na mwenendo mwema. Kwa mfano, aliyefungwa miezi 18 anaweza kutoka baada ya miezi 12. Msamaha huu hauwahusu waliofungwa maisha. Hakuna ada ya kuupata.

Ukiwa na malalamiko

Kuhusu polisi, anza kwa mkuu wa kituo, na uhakikishe jambo lako limeandikwa kwenye OB, upewe nambari. Usiporidhika, nenda IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi. IPOA haishughulikii magereza. Kuhusu askari jela, mwone mkuu wa gereza, au upeleke malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu.

Kwa ufupi, kabla ya kusafiri au kutuma pesa, uliza kwanza: mtu wetu yuko mikononi mwa nani, polisi au gereza? Na ikiwa yuko gerezani, hati ilitoka korti gani?