Hongo, Chai na Takrima

Huku Maji ya Chai, kando ya barabara kuu iendayo Moshi, jina la mahali halina fumbo: maji ya mto yana rangi ya chai, basi. Lakini neno hilohilo likitamkwa mbele ya meza ya ofisi, kila Mtanzania mtu mzima huelewa kwamba hakuna birika linalochemka. Wapenzi wa lugha, tulitazame pamoja na ndugu zake wawili, maana historia yao yaonyesha jinsi ombi linavyoweza kutolewa bila mwombaji kuonekana.

Hongo ndiyo kongwe. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ikipita Ugogo ililipa hongo kwa watemi: nguo, shanga na nyaya za shaba. Richard Burton, aliyepita huko mwaka 1857, aliilalamikia sana. Wasafiri waliiona kuwa unyang'anyi, ila haikuwa siri. Ilikuwa ushuru wa njia na wa maji. Mtemi alitaja kiasi, kiongozi wa msafara akaomba apunguziwe, na majadiliano yakachukua hata siku kadhaa mchana kweupe. Neno tunalo hadi leo. Uwazi wake umetutoka.

Watu wa pwani nao walikuwa na namna yao ya kuita fedha kwa jina la kitu kingine. Katika ndoa kuna kilemba cha baba, mkaja wa mama, kifungua mlango. Hakuna adhaniye kwamba mkwe atavikwa kilemba papo hapo. Ni tafsida, naam, lakini pande zote zaijua maana yake, na kiasi hutajwa mbele ya wazee. Chuoni niliifundisha tafsida ya namna hii kuwa ni adabu ya lugha, na sina ugomvi nayo.

Chai haina wazee wa kuishuhudia. Jirani yangu mmoja, mjane, alikuwa akifuatilia mirathi ya mumewe katika ofisi fulani. "Faili lako halionekani, mama." Kimya. "Njoo wiki ijayo." Kimya tena. Mwishowe: "Jiongeze kidogo, mama." Kitenzi hiki hunistaajabisha kila nikisikiapo, kwa kuwa humkabidhi msikilizaji kazi yote: yeye atambue, yeye atamke, yeye atoe, na kesi ikizuka, aliyetamka ni yeye. Mama yule hakujua kujiongeza. Kila mara alijibu, "Ahsante mwanangu, nitarudi," akarudi kwa miezi minane.

Takrima ndiyo iliyopanda cheo hadi kuingia bungeni. Ni neno la ukoo mmoja na karimu na ukarimu. Mwaka 1996 Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyoundwa na Rais Mkapa, ilikuwa imekwisha kuianika kero ya rushwa. Hata hivyo, mwaka 2000 Bunge liliirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985, ukarimu wa kawaida au wa kimila ufanywao kwa nia njema usihesabiwe kosa. Mitaani pilau, kanga na nauli vikapata jina la heshima. Mpiga kura hakuambiwa "nichague". Alikaribishwa tu, na aliyelelewa vyema huona haya kula cha mtu kisha akampa kisogo. Ushawishi ulijificha humo, ndani ya malezi yetu wenyewe.

Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzake walikwenda mahakamani. Aprili 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilivitangaza vifungu hivyo kuwa kinyume cha Katiba: viliwabagua wagombea wasio na uwezo, na mpaka baina ya takrima na rushwa haukuonekana. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, ningeongeza hoja moja ya lugha. Anayekirimiwa ni mgeni. Mgombea ajaye kuniomba kura ni mgeni wangu. Iweje yeye ndiye anikirimu, tena barazani kwangu?