Mbegu Tatu za Tumbaku

Wazee wetu wa Kahe walikuwa na tumbaku yao kabla mimi sijazaliwa. Ilistawi nyuma ya nyumba, mashina matano au sita, majani yake mapana kama masikio ya tembo. Ilikaushwa, ikasagwa, ikachanganywa na magadi, ikawa ugoro. Mgeni akifika alikaribishwa kwa kikopo cha ugoro kabla hajaulizwa habari za safari. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usidhani kwamba ninakusimulia habari ya mmea mgeni kwetu. Ninakusimulia habari ya jamaa zake watatu waliotoka mbali, na kosa nililolifanya kwa ajili yao.

Mwaka 1973 Serikali ilitwaa mashamba mengi makubwa ya walowezi mkoani Kilimanjaro. Miongoni mwa walioondoka alikuwemo mzee mmoja Mgiriki. Wagiriki hawakuwa wachache huku kwetu. Wengine walikuja kufanya kazi za ujenzi wa reli ya Wajerumani, iliyotoka Tanga ikafika Moshi mwaka 1911, kisha wakageukia kilimo. Huyu wazazi wake walikuwa wamekimbia Izmir mwaka 1922, mji ule ulipoteketea kwa moto. Mwaka uliofuata, huko Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilikubaliana kubadilishana watu: Wakristo zaidi ya milioni moja wakahesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wapatao laki nne wakapelekwa Uturuki. Wengi wa wakimbizi wale walikuwa wakulima wa tumbaku, na waliendelea kuilima katika nchi yao mpya.

Siku alipokuja kuaga, mzee yule alinipa bahasha tatu ndogo. Moja iliandikwa Izmir, ya pili Samsun, ya tatu Xanthi. Ndani mlikuwa na kitu kama vumbi la kahawia. Mbegu ya tumbaku ni ndogo mno; gramu moja hubeba mbegu zaidi ya 10,000.

Nilikuwa kijana wa miaka 25, nimetoka chuo cha ualimu na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ikiwa kichwani mwangu neno kwa neno. Shule ilitakiwa kuwa na shamba, na shamba liwe darasa. Nikaona hapa nimepata somo. Nchini mwetu tulikwisha kuwa na tumbaku ya moshi ya Songea, inayokaushwa juu ya moto wa kuni, ambayo wakulima wake walikuwa na chama chao cha ushirika, NGOMAT, tangu mwaka 1936. Tulikuwa pia na tumbaku ya mvuke ya Tabora na Urambo, inayokaushwa kwa joto ndani ya mabani, na ambayo imekula miti mingi ya miombo. Lakini hii ya Mashariki haihitaji bani wala kuni. Hukaushwa kwa jua tu, na jua Kahe halikosekani.

Mwaka 1974 tukasia mbegu kitaluni, na masika yalipoanza tukahamisha miche. Nusu tuliipanda bondeni karibu na mfereji, kwenye udongo mweusi unaoletwa na maji ya mlimani. Nusu nyingine tuliipanda kwenye mwinuko mkavu wenye changarawe, ambako hata mtama hukonda.

Ya bondeni ilinawiri hata wazazi wakaja kuitazama. Majani yalikuwa makubwa na mazito, lakini yalipokauka yalinuka kama nyasi. Ya kwenye changarawe ilikuwa mifupi na majani yake madogo, mengine hayazidi kiganja cha mtoto. Hapo ndipo tofauti zilipojitokeza. Samsun ilikuwa na jani la umbo la moyo, lenye kikonyo. Izmir na Xanthi hazikuwa na kikonyo. Majani yao yaliota moja kwa moja kwenye shina, na ya Xanthi ndiyo yaliyokuwa madogo kuliko yote. Yalipokauka yakawa ya rangi ya dhahabu, na harufu yake ilijaza stoo nzima. Niliwaambia wanafunzi kwamba tumbaku hii hupata harufu yake kwa dhiki, ukiishibisha, inaipoteza. Nilijiona mwalimu hodari siku ile.

Sikuhesabu mikono. Jani dogo maana yake ni majani mengi. Kila moja huchumwa peke yake, kuanzia chini kupanda juu, kisha hutungwa kwenye uzi kwa sindano. Tena huchumwa alfajiri, wakati lingali laini na lina umande. Katika nchi zilizoizoea, kazi hiyo hufanywa na familia nzima, na vidole vya watoto ndivyo vinavyoiweza. Mimi nilikuwa na vidole vya darasa zima.

Asubuhi moja ya mwezi Julai mvulana wa darasa la tano alianza kutapika shambani. Alitoka jasho, akapepesuka. Nikaamua kwamba ametafuna tumbaku kwa siri. Alikana, nami nikamchapa viboko viwili mbele ya wenzake kwa wizi na uongo. Jioni bibi yake akaja. Hakufoka. Alisema, "Mwalimu, sisi tulimleta mtoto asome. Tumbaku hata nyumbani ipo."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu mkuu, nilisoma kwamba nikotini iliyomo katika jani bichi huyeyuka katika umande na kupenya kwenye ngozi. Mchumaji hutapika, huumwa kichwa na huona kizunguzungu, hata kama hajawahi kuvuta sigara. Madaktari wa Florida, Marekani, waliuandika ugonjwa huo mwaka 1970, miaka minne kabla ya shamba letu. Mtoto yule alisema kweli.

Tangu mwaka 1913, ilipotoka Camel, sigara nyingi duniani zimechanganywa na tumbaku hii kwa ajili ya harufu. Wataalamu wameandika mengi juu ya jani, udongo na jua. Juu ya mtungaji wa uzi wameandika machache, na mimi katika daftari langu la shamba sikumwandika kabisa.

Nilipostaafu nilimtafuta. Nilimkuta karibu na stesheni ya Kahe, mtu mzima mwenye wajukuu, akiuza vitunguu. Nikamkumbusha ile asubuhi. Ugonjwa alikuwa ameusahau. Viboko hakuvisahau, wala sababu niliyoitaja. Nilimwomba radhi pale pale, mbele ya wateja wake. Akanyamaza kidogo, kisha akanisogezea kigoda, akasema, "Kaa, Mwalimu."