Pamba ya Jumbe: Mkulima Aliponyang'anywa Uamuzi wa Shamba

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, kusini-mashariki mwa Tanzania ya leo, wanakijiji waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Kitendo hicho ndicho kilichowasha Vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Kijerumani. Tumesimulia sana habari za dawa ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, na ni haki kuisimulia, maana iliwaunganisha watu ambao hawakuwahi kuwa na mtawala mmoja. Shamba lililong'olewa tumelipitia haraka mno. Wazee wa Nandete walikuwa na sababu ya kuanzia pale, na sababu hiyo inaeleza mambo mengi ya kilimo cha kikoloni katika Afrika Mashariki, kuliko zile orodha za mazao na reli tulizozizoea.

Watawala wa Kijerumani walidai kwamba Mwafrika hajui kulima kwa ajili ya soko, kwa hiyo hana budi kufundishwa kwa nguvu. Dai hilo linavunjwa na historia ya pwani yenyewe. Kabla bendera ya Ujerumani haijapandishwa, watu wa Kilwa, Rufiji na Umatumbi walikuwa wakiuza ufuta, mpunga, sandarusi na mpira wa msituni. Walijua bei, walijua msimu wa majahazi, na mwaka ambao ufuta haulipi walipanda kingine. Mkulima wa namna hiyo hakuhitaji somo la biashara. Aliyekuwa na uhitaji ni Ujerumani, ambayo viwanda vyake vya nguo vilitegemea pamba ya Marekani na vilitaka kujinasua.

Mwaka 1902 Gavana von Götzen alianzisha mpango wa mashamba ya pamba ya pamoja, kwanza katika wilaya ya Dar es Salaam. Kila jumbe, yaani mkuu wa kijiji, alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake walilifanyia kazi kwa siku 28 kwa mwaka. Hiyo ndiyo hesabu ya karatasini. Shambani siku zilizidi. Akida, mtumishi wa serikali aliyekuwa juu ya majumbe, alisimamia, na kiboko hakikuwa mbali. Mapato yaligawanywa kati ya wafanyakazi, jumbe na mfuko wa wilaya. Uzaramo, fungu la mfanyakazi kwa mwaka halikufika hata nusu rupia, na wapo waliokataa kulipokea. Kodi wakati huo ilikuwa rupia 3. Mtu alitoa jasho lake kwa pamba, kisha akabaki na deni lilelile la kodi. Zaidi ya fedha, palikuwa na suala la muda. Pamba inataka palizi wakati uleule ambao mahindi na mpunga vinaitaka, na shamba la chakula lililo kando ya msitu lisipolindwa huliwa na nguruwe mwitu usiku mmoja. Mwanamume aliyeitwa kwa jumbe aliacha mzigo huo wote kwa mke na watoto.

Wapo watakaosema kwamba vita vile vilikuwa na sababu nyingi: kodi, ukatili wa maakida, kudharauliwa kwa wazee. Ni kweli, na Wangoni wa Songea waliingia vitani kwa machungu yao wenyewe. Lakini huku kusini-mashariki, pamba ndiyo iliyoyakutanisha machungu hayo mahali pamoja. Kodi huja mara moja kwa mwaka. Shamba la jumbe lilimwita mtu tena na tena, nalo likamwonyesha kila mara kwamba uamuzi juu ya mikono yake umehamia kwa mwingine.

Kenya, chini ya Waingereza, inathibitisha jambo hilo kutoka upande wa pili. Huko Waafrika hawakulazimishwa kulima kahawa, walizuiwa. Walowezi waliogopa kukosa vibarua na kushindana na mkulima mdogo, na hadi miaka ya 1930 hakukuwa na ruhusa, kisha ikatolewa kwa wachache wa maeneo kama Meru na Kisii. Kulazimisha pamba Rufiji na kukataza kahawa Kiambu kunaonekana kama sera mbili zinazopingana. Ni sera moja: mkulima asiamue.

Pingamizi zito zaidi ni la Kilimanjaro. Kahawa ilijenga nyumba, ikalipa karo, ikatoa kizazi cha wasomi. Je, basi, ukoloni haukuleta neema? Tuangalie ilivyokuwa. Walowezi wa Kizungu walitaka Wachaga wakatazwe kuilima, nao Wachaga wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa miongoni mwa viongozi. Serikali ya Waingereza, waliochukua nchi baada ya Wajerumani, ilipokiweka kando na kuunda chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, kisha ikalazimisha kahawa yote iuzwe kupitia humo, ghasia zilizuka mwaka 1937. Zao lilikuwa jema, bei haikuwa mbaya kila mwaka, na bado watu walikataa kunyimwa kauli juu ya mauzo. Neema ya Kilimanjaro ilitokana na uwezo wa kuitetea kahawa, na uwezo huo watawala hawakuutoa kwa hiari.

Umatumbi haukupata nafasi hiyo. Majeshi ya Kijerumani yalichoma vijiji na maghala ya nafaka, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Taarifa ya Wajerumani ilitaja vifo 75,000. Wanahistoria wa Tanzania wamekadiria hadi 250,000 na zaidi. Baadaye mashamba ya pamoja yaliachwa, na Gavana Rechenberg akageukia mkulima anayelima kwa faida yake mwenyewe, jambo ambalo watu wa pwani walikuwa wakilifanya tangu zamani. Vitabu vya shule vinavyoendelea kueleza Maji Maji kama habari ya dawa iliyoshindwa kugeuza risasi kuwa maji viandikwe upya. Watoto wetu waanze na hesabu ya rupia 3 na siku 28, kisha ndipo wafundishwe habari za Ngarambe.