Mstari Mmoja Katika Wasifu wa Injinia

Suneka, kilomita chache kutoka mjini Kisii kwenye barabara ya kwenda Migori, injinia haitwi kwa jina tupu. Akiwa hai ni Injinia Fulani. Akifa, cheo hutangulia jina kwenye karatasi ya mazishi. Msomaji wa wasifu husimama chini ya hema, migomba nyuma yake, akihesabu: shule ya msingi, sekondari, chuo, bodi iliyomsajili, barabara alizosimamia, mke, watoto, wajukuu. Mwisho kabisa, pumzi zikimwishia, huja mstari mmoja kwamba marehemu alipenda michezo tangu chuoni. Kwaya inainuka.

Mstari huo hubanwa mno. Ndani yake kuna historia ya Gusii, nchi ya Wakisii, ambayo ni ndefu kuliko barabara zote hizo.

Mwanzoni miguu na vitabu havikukaa nyumba moja. Nyantika Maiyoro aliyekimbia Olimpiki ya Melbourne 1956 akawa wa saba katika mita 5,000, na Roma 1960 akawa wa sita, hakuwa mtu wa chuo. Naftali Temu, aliyeipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki kwenye mita 10,000 kule Mexico 1968, alikuwa askari jeshi. Mkimbiaji mzuri alitafutiwa sare, si dawati.

Robert Ouko, mzaliwa wa Manga, alipata vyote viwili. Baada ya dhahabu ya mita 800 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970, alisomea Chuo Kikuu cha North Carolina Central mjini Durham, chuo kilichofunguliwa 1910 kwa ajili ya vijana weusi ambao vyuo vya Wazungu vya kusini mwa Marekani vilikuwa vimewafungia milango. Kocha wake, Leroy Walker, alikuwa na shahada ya udaktari katika elimu ya mwendo wa mwili. Kwa lugha ya Suneka tungesema injinia wa misuli. Mwanafunzi mwenzake Ouko hapo alikuwa Julius Sang, Mnandi.

Septemba 1972, Olimpiki ya Munich, mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne: Charles Asati, Hezekiah Nyamau, Ouko, kisha Sang. Watatu wa kwanza ni wana wa Gusii. Sang alipokea kijiti Mjerumani akiwa mbele, akamfuata bila pupa na kumpita. Saa ikasoma dakika 2 na sekunde 59.83. Wapo wanaonung'unika hadi leo kwamba Wamarekani hawakushiriki, kwa kuwa wawili wao walikuwa wamefungiwa na mwingine ameumia. Mimi hilo halinisumbui. Katika wale wanne wa Kenya, wawili walikuwa wakinolewa kwenye uwanja wa chuo cha Marekani.

Waliobaki nyumbani kusomea uhandisi Nairobi walijipatia la kwao. Mwaka 1977 timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, ilitwaa Kombe la Kenya katika msimu wake wa kwanza. Lakini raga haikuwahi kuuteka moyo wa Kisii kama riadha, kwa hiyo turudi kwenye mbio.

Mwana mwingine wa Gusii, Yobes Ondieki, alikwenda Marekani pia, mjini Ames, Chuo Kikuu cha Iowa State. Ni chuo cha kilimo na uhandisi. Ni huko, kabla ya kompyuta kuwa jina la kawaida, Atanasoff na mwanafunzi wake Berry walipounda mashine ya elektroniki ya kupiga hesabu. Ondieki alitoka hapo akawa bingwa wa dunia wa mita 5,000, Tokyo 1991. Hata nyumbani kwake riadha haikuisha mlangoni: mkewe wa wakati ule, Lisa, Mwaustralia, alikuwa na fedha ya marathoni ya Seoul 1988.

Kisha Oslo, Julai 10, 1993. Siku tano tu kabla yake Mkenya mwenzake Richard Chelimo alikuwa ameweka rekodi mpya ya dunia ya mita 10,000, dakika 27 na sekunde 7.91. Ondieki akakimbia dakika 26 na sekunde 58.38, binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Mpe injinia namba hiyo na hataiacha ilivyo. Atatafuta kalamu, ageuze nyuma ya bahasha, agawanye sekunde 1,618.38 kwa mizunguko 25, apate sekunde 64.7 kwa mzunguko. Kisha atatoka nje na saa yake, ajaribu mzunguko mmoja.