Lishe ya upungufu wa damu

Lishe ya upungufu wa damu ni matumizi ya vyakula vyenye madini ya chuma, foleti na vitamini B12 ili kuusaidia mwili kutengeneza hemoglobini. Huko Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vyakula hivyo ni pamoja na sombe (majani ya muhogo), lengalenga, matembele, maharagi na samaki, vinavyoliwa kwa bukari (ugali). Chuma cha mboga hufyonzwa kidogo kuliko cha samaki au maini. Vitamini C huongeza ufyonzwaji, chai huupunguza. Sombe hutwangwa na kuchemshwa sana ili kuondoa sianidi, lakini moto huo huharibu vitamini C, hivyo limau au embe mbivu hufaa kuliwa pamoja nayo. Upungufu wa damu utokanao na malaria, safura au selimundu huhitaji matibabu ya hospitali.