Breki za Honda ya ba'mdogo

Jumamosi nusura nimgonge mama wa vitumbua. Nilikuwa nateremka kutoka Mlimani kwenda Ubungo na Honda CG125 ya ba'mdogo, ya mwaka 1984. Nikabana breki ya mbele, pikipiki ikawa kama haijanisikia. Mama akaruka, vitumbua vikamwagika. "Mwanangu, unataka kuniua?" Nililipa vitumbua vyote, ila lile swali nililala nalo.

Jumapili asubuhi nikaenda kwa fundi. Akafungua gurudumu, akanionyesha breki shuu mbili zilizopinda kama nusu duara. Ukibana breki, kamu inazitanua zisugue ukuta wa dramu. Kumbe hazifanyi kazi sawa! Moja inavutwa na mzunguko wa dramu, inazidi kujibana yenyewe. Nyingine inasukumwa irudi. Ni kama kazi ya kikundi hapa chuo: mmoja anasota, mwenzake kaandika jina tu.

Mtu wa historia nikaanza kuchimba. Anayetajwa sana kwa breki ya dramu ni Mfaransa Louis Renault, mwaka 1902, kwenye magari. Pikipiki za mwanzo zilikuwa zinabana ringi kama baiskeli. Mwendo ulipoongezeka ikabidi zihamie kwenye dramu.

Miaka ya 1960 injini zikawa na nguvu kuliko breki. Waingereza wakatumia kamu mbili, ili shuu zote mbili zijivute. Triumph Bonneville ilipata breki hiyo mbele mwaka 1968. Mbele ilishika kweli, lakini ukisimama mlimani pikipiki ikaanza kurudi nyuma, shuu zote mbili zinageuka za kusukumwa, haishiki vizuri. Na joto lilibaki palepale: dramu ikichemka inatanuka, ukuta wake unazikimbia shuu.

Mwaka 1969 ikaja Honda CB750 na diski mbele, mafuta yakisukuma pedi. Diski iko wazi, inapoa kwa upepo. Tangu hapo dramu ikaanza kushushwa daraja, ikabaki zaidi kwenye pikipiki za bei nafuu na za kazi. Yaani zetu sisi.

Nikamuuliza fundi, basi tuweke diski? Akacheka. "Hii haijawahi kufanya kazi yake yote, unataka kuibadilisha?" Akafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, hakupuliza, maana shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto, hatari kwa mapafu. Akapaka chaki kwenye shuu, akazungusha gurudumu huku akibana kidogo. Chaki ilifutika katikati tu! Kumbe sehemu kubwa ya shuu ilikuwa haigusi kabisa. Akapiga msasa pale palipoinuka, akarudia mpaka chaki ikafutika karibu kote. Akabadilisha waya uliovutika, akapanga mkono wa kamu ili ukibana ufanye kama pembe mraba na waya. Mwisho akalegeza nati ya ekseli, akazungusha gurudumu, akabana breki, akakaza huku kaishikilia, ili shuu zikae katikati ya dramu.

Jioni nikarudi mteremko uleule, taratibu. Nikasimama mbali kabisa na meza ya mama. Akaniangalia, akaangalia gurudumu. "Leo umesimama." Akanifungia vitumbua viwili, hela akakataa.

Wenye pikipiki za wazee wenu, kabla ya kununua kipya anzeni na chaki. Haya, kesho nina tesiti na sijasoma kitu. Tuonane wiki ijayo!